Barafu Tupu Haichongi Mwamba

Juzi tena, kwenye semina ya walimu wa jiografia hapa Dodoma, mwalimu mmoja alisimama akaeleza kwamba mto wa barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole, huchimba bonde kwa sababu barafu ni ngumu na nzito. Ukumbi mzima ukaafiki. Jibu hilo nimelisikia madarasani na kulisoma kwenye karatasi za mitihani hadi nimechoka kulinyamazia.

Ndugu zangu walimu, barafu si ngumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ina ugumu wa takriban 1.5. Felspa ina 6 na kwatzi 7, na hayo ndiyo madini yaliyojaa kwenye majabali ya graniti tunayoyaona kila siku hapa mjini. Wala huhitaji graniti kuhakikisha. Chukua jiwe la marumaru, ambalo ni laini zaidi, ulisugue kwa donge la barafu mpaka vidole vife ganzi. Litalowa tu. Kisha gandisha maji yaliyochanganywa na mchanga wa korongo, sugua tena, pangusa, halafu ligeuzegeuze juani: mikwaruzo hiyo hapo, imelala upande uliosugulia.

Barafu ni karatasi ya msasa. Kinachokwangua ni mawe na mchanga ilioushika. Unga wa mwamba unaotokana na kazi hiyo ndio unaoyapa maji yanayotoka chini ya barafu rangi ya maziwa.

Sasa uzito, maana hapo ndipo panaponikera. Mita 200 za barafu hukandamiza kila mita ya mraba kwa zaidi ya tani 180, na mtu huona ni lazima jiwe lililo chini lisage kwa nguvu hiyo yote. Hapana. Jiwe limezungukwa na barafu inayotiririka polepole na kulikumbatia, hivyo linasukumwa kutoka pande zote, hata kutoka chini. Mtafiti Bernard Hallet, mwaka 1979, alionyesha kwamba nguvu ya jiwe kwenye mwamba hutegemea zaidi kasi ya barafu kuteremka kuelekea sakafuni kadiri ile ya chini inavyoyeyuka. Mtafiti mwingine, Geoffrey Boulton, mwaka 1974, alikuwa ameupa uzito wa barafu nafasi kubwa, baada ya kuupunguzia shinikizo la maji yaliyo chini yake. Vitabu vya shule havitaji kwamba mjadala huo upo. Mimi namfuata Hallet pale mawe yalipo machache. Yakisongamana kama zege, hoja yake hainitoshi.

Halafu kuna joto. Barafu iliyogandamana na mwamba haiserereki, na isiposerereka karibu haichimbi kitu, hata ikiwa nene kiasi gani. Ndiyo maana mito ya barafu ya maeneo ya ncha za dunia yaweza kula milimita 0.01 tu kwa mwaka, wakati ile ya kusini-mashariki mwa Alaska, yenye maji chini na mwendo wa kasi, hupita milimita 10. Ile iliyosalia kwenye tambarare ya kilele cha Kibo haina mwendo wa maana, kwa hiyo tusiwaambie watoto kwamba inachonga mlima. Bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya lilichongwa na barafu ya zamani, kubwa na yenye mwendo.

Kung'oa mawe nako hupitiwa juujuu. Barafu ikivuka kibonge cha mwamba huacha uwazi nyuma ya kibonge hicho. Maji yaliyo humo shinikizo lake likipanda na kushuka, nyufa hurefuka, mwisho kipande kinachukuliwa. Upande wa mbele hubaki laini, wa nyuma umevunjikavunjika. Wanafunzi huchora kwa bidii ule laini, lakini kwenye mwamba wenye nyufa nyingi, mwamba mwingi zaidi huondoka kwa upande wa nyuma. Kwenye mwamba mzima usio na nyufa, kukwangua kunaweza kuongoza, na kuupata uwiano wa haya mawili chini ya mto mmoja wa barafu bado ni kazi ngumu, hata kwa watafiti wa Engabreen, Norwei, wanaoyeyusha njia kwa maji ya moto hadi sakafuni, chini ya mita 200 za barafu.