Je, wajua? Kifundo cha mkono ndicho kilichoipeleka Serengeti Boys Gabon

Oktoba 2016 Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, ilikuwa imeshatolewa kwenye mechi za kufuzu fainali za Afrika za 2017, Gabon. Iliitoa Shelisheli, ikaitoa Afrika Kusini, ikaifunga Kongo Brazzaville 3-2 jijini Dar es Salaam, kisha ikalala 1-0 kwenye marudiano. Jumla 3-3, Kongo ikapita kwa faida ya mabao ya ugenini. Februari 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaiondoa Kongo na nafasi ya kwenda fainali hizo, AFCON U-17, ikarudi Tanzania.

Sababu ilikuwa kipimo ambacho hakikufanyika. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ililalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Kongo, CAF ikaagiza apelekwe kupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono, na Kongo haikumpeleka.

Kwa nini kifundo cha mkono, na si cheti cha kuzaliwa? Cheti kinaweza kuandikwa upya. Mfupa hauandikwi upya. Mtoto anapokua, mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba huwa na utepe wa gegedu karibu na kiganja. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ukuaji ukikaribia mwisho, gegedu hugeuka mfupa kidogo kidogo mpaka utepe unapotea kabisa; hapo ndipo mfupa umefunga. Kwa wavulana wengi hilo hukamilika baada ya kutimiza miaka 17, yaani karibu na mpaka wa umri ambao mashindano haya yanautaka. Mfupa wa mtulinga hauwezi kutumika kwa kazi hii, maana ncha yake ya upande wa kifua hufunga mtu akiwa na miaka ishirini na kitu.

Eksirei ingeweza kuonyesha jambo hilohilo kwa bei nafuu, lakini si haki kumpiga mtoto mwenye afya miale kwa ajili ya mpira. MRI hutumia sumaku. Mchezaji huvua saa, pete na bangili, mkono wa kushoto huwekwa ndani ya kifaa na kutulizwa, na hakuna sindano. Akiutikisa, picha hutoka na ukungu na zoezi hurudiwa. Picha huonyesha mfupa kwa vipande vyembamba kwa urefu wake: uboho wenye mafuta huonekana mweupe, na gegedu hukatiza kama mstari mweusi.

Daktari hutafuta mstari huo na kuupa daraja kuanzia 1 hadi 6. Daraja la 1, gegedu liko wazi lote. La 2, kuunga ndiyo kwanza kunaanza. La 3, sehemu iliyoungana haijafika nusu. La 4, imepita nusu. La 5, kimebaki kipande cha mstari kisichofika milimita 5 kwenye picha yoyote. La 6, hakuna mstari. Ni daraja la 6 peke yake linalomzuia mchezaji. Kiwango hicho kilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wa vijana 496 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina: kati ya wale wa miaka 16, waliokuwa na mfupa ulioshafunga hawakufika asilimia 1. FIFA ikaanza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009, Nigeria.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. MRI haitaji umri. Kijana wa miaka 18 ambaye mstari wake bado unaonekana atapita, na yule mmoja mmoja wa miaka 16 aliyekomaa mapema ataachwa ingawa hakudanganya. Kwa timu ni kipimo cha haki. Kwa mtoto huyo mmoja ni kikatili, na hilo lisemwe wazi.

Kosa la pili ni la makocha: kupima kwa kuchelewa. Januari 2023 Kamerun ilipima wachezaji 30 zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mechi za kufuzu, na 21 wakafeli. Timu iliyojengwa kwa miezi ikavunjika. Na aliyefaulu kwa daraja la 5 mwanzoni mwa mwaka anaweza kuwa la 6 fainali zikifika, kwa kuwa mfupa hausubiri ratiba. Mwenye busara hupima kabla ya kambi, kisha hurudia kwa walio daraja la 4 na la 5.

Nyaraka nazo bado zina meno. Fainali za mwaka 2019 zilizochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali, kisha ikabainika kwamba wachezaji wake wawili walishacheza mashindano ya vijana Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikaondolewa, na Senegal ikaenda Kombe la Dunia Brazil badala yake. Tanzania yenyewe inalijua joto hilo: fainali za Gambia za mwaka 2005 ilizikosa, ikiwa imeshafuzu, kwa kuchezesha kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri.

Nafasi ya 2017 nusura izae makubwa. Kikosi cha Bakari Shime, nahodha akiwa Dickson Job, kilitoka 0-0 na Mali, kikaifunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho, dhidi ya Niger, sare ingetosha kuingia nusu fainali, na timu zote nne za nusu fainali zilikuwa na tiketi ya Kombe la Dunia India. Niger ikashinda 1-0. Timu hizo mbili zikalingana kwa pointi 4, hata tofauti ya mabao ikawa sifuri kwa sifuri. Niger ikapita kwa kuwa ilishinda walipokutana. Miaka miwili baadaye, nyumbani, Tanzania ilifungwa mechi zote tatu: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola.

Tiketi ya Kombe la Dunia ililetwa na wasichana. Serengeti Girls, chini ya Shime huyohuyo, walifika India mwaka 2022, wakafungwa 4-0 na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, na kuishia robo fainali kwa kufungwa 3-0 na Colombia. Daraja la 6 la wavulana halifai kuwapimia wao: mifupa ya wasichana hufunga mapema zaidi, hivyo wengi wenye umri halali wangeachwa nje.