Karakana ya useremala nyumbani: yanayoaminiwa Mwanza na ukweli wenyewe

Anayetenga chumba cha useremala nyumbani, iwe Buhongwa, Igoma au Kirumba, mara nyingi huanza kwa kununua mashine. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mashine unaweza kuiuza ukanunua nyingine, lakini sakafu, nyaya na njia ya kupitishia mbao vikikosewa utahangaika navyo miaka.

Dhana: Nyumba imekaa juu ya mwamba, unyevu utatoka wapi?

Mwamba haunywi maji. Mvua ikinyesha mlimani, maji hupenya udongo mchache ulio juu, yakigonga jiwe huteremka nalo mpaka yakutane na msingi wako. Ndiyo sababu ukuta wa upande wa mlimani hulowa sehemu ya chini misimu ya mvua, hata kama hakuna bomba lililopasuka. Chimba mfereji upande huo, kina chake kishuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na uyaelekeze maji pembeni ya nyumba.

Kama sakafu haijamwagwa, shindilia kifusi, sawazisha kwa mchanga, kisha tandika nailoni nzito kabla ya zege. Maungio yapandane sentimita 30 na kingo zipande kidogo ukutani. Kama sakafu ipo tayari, bandika juu yake kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe pande zote kwa selotepu, uache siku nzima. Matone yakijikusanya chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, unatoka hewani, na dawa yake ni madirisha. Vyovyote iwavyo, plaiwudi na zana za chuma zisiguse sakafu: ziweke juu ya chaga, na randa na patasi uzipake mafuta mepesi kila baada ya kazi.

Dhana: Soketi moja na ekstensheni ndefu vinatosha.

Plagi tunazotumia zina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000. Msumeno wa meza wa wati 2,000 na kompresa ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja vimeshazidi hapo. Lakini hatari kubwa zaidi imo kwenye unene wa waya. Mota ya indakshani, ile nzito inayoendesha mashine kubwa, inapowashwa huvuta mara tano au zaidi ya kiasi chake cha kawaida. Ikidai ampea 40 kupitia ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 0.75, karibu volti 60 hupotea njiani. Kwa waya wa 2.5, zinapotea kama 18 tu. Mota iliyonyimwa volti hunguruma bila kuzunguka vizuri, huchemka, mwishowe koili huungua, halafu lawama anatupiwa aliyeiuza. Jioni, mtaa mzima unapotumia umeme na volti zikawa zimeshuka tayari, hali huwa mbaya zaidi. Na waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake hauwezi kupoa. Uufungue wote kabla ya kuwasha.

Vuta laini ya karakana peke yake kutoka kwenye ubao wa breka, waya wa 2.5, breka ya ampea 20, soketi zisizopungua nne, zikae juu ya usawa wa meza ili maranda yasizifunike.

Kisha kuna ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, na hapa Mwanza ina shida yake. Fimbo ya shaba inatakiwa kuzama zaidi ya mita moja, ila milimani fundi hukuta jiwe sentimita 40 tu chini. Usikubali fimbo ikatwe na kufukiwa kana kwamba imefika. Itafutwe sehemu yenye udongo, hata ikiwa mbali na nyumba, au ziunganishwe fimbo mbili tatu, au waya wa shaba ulazwe kwenye mtaro mrefu wa udongo unaoshika unyevu. Baada ya hapo ipimwe kwa kifaa. Mwambie fundi aongeze breka ya uvujaji ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja na yenye kitufe cha majaribio. Ukiminya kitufe mara moja kwa mwezi na umeme usikatike, breka hiyo imekufa na haikulindi.

Dhana: Mbao ikianikwa juani wiki mbili imekauka.

Juani hukauka ngozi tu. Nje husinyaa wakati ndani bado ni mbichi, na matokeo yake ni nyufa za ncha na mbao iliyojikunja kama mtumbwi. Paini mbichi yenye upana wa milimita 200 inaweza kupungua milimita 6 hadi 8 ikishakauka sawasawa. Hicho ndicho kinachopasua uso wa meza nzuri miezi mitatu baada ya mteja kuichukua.

Panga mbao kivulini penye upepo, rundo liinuliwe sentimita 30 kutoka chini kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua. Kati ya tabaka na tabaka weka vibanzi vya unene wa sentimita 2, kila baada ya sentimita 50, vikiwa vimesimama mstari mmoja wima toka chini hadi juu; kibanzi kikikaa nje ya mstari, mbao hupinda hapo hapo. Paka rangi nzito kwenye ncha zilizokatwa ili zisikauke kwa haraka kuliko katikati. Kujua kama zimeiva, chukua kipande kimoja ukipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya hapa. Mninga na mvule huchukua muda mrefu kuliko paini, kwa hiyo zinunue mapema.

Dhana: Chumba cha mita 3 kwa 4 ni kidogo mno.

Kinatosha, ila msumeno ukae mkabala na mlango. Plaiwudi nzima ni mita 2.44 kwa 1.22, na inahitaji nafasi ya urefu wake mbele na nyuma ya msumeno; mlango ukiwa wazi, nusu ya safari inafanyika uani. Mashine ziwe na magurudumu yenye breki. Meza kubwa tu ndiyo isihame.

Dhana: Meza ya kazi ni mabaki ya mbao na misumari.

Meza inayoyumba huharibu kila kipimo kinachochukuliwa juu yake. Kwa uso wa mita 1.8 kwa 0.6 unahitaji mbao mbili za futi 12 za inchi mbili kwa sita, kila moja ikatwe katikati. Miguu na mihimili itachukua tano za futi 12 za mbili kwa nne. Kila mguu uwe vipande viwili vilivyogundishwa. Mihimili mirefu minne ifungwe kwa boliti za milimita 10, urefu 180, mbili kila kiungo, jumla 16. Msumari hulegea kwa sababu randa husukuma na kuvuta kutwa nzima. Boliti unaikaza tena. Urefu wa kwenda juu usinakili wa jirani: simama wima, mikono ining'inie, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia.

Dhana: Leso puani inazuia vumbi.

Leso huzuia maranda. Vumbi laini la msasa, lile linaloelea kwenye mwanga wa dirisha, hupita. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Tumia barakoa ya daraja la N95 au FFP2, piga msasa nje, na ukimaliza usifagie pakiwa pakavu. Nyunyiza maji kwanza.

Dhana: Usiku umetulia, ndio wakati wa kupaka vanishi.

Kando ya ziwa, wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi hufuata taa usiku na kunasa kwenye vanishi mbichi, na hawatoki bila kupiga msasa upya. Paka asubuhi, mchana uache ikauke huku dirisha la upande wa ziwani limewekewa wavu, kwa kuwa upepo wa mchana hutoka ziwani. Matambara yaliyofutia mafuta ya linsidi, yale ya kupaka mbao, yatandazwe nje yakauke moja moja. Yakirundikwa hupata joto lenyewe mpaka yakawaka, bila kiberiti wala cheche.