Je, wajua kwa nini simu hazitoki siku ya maafa wakati minara imesimama?

Tetemeko limepita au bomu limelipuka mjini, kila mtu kashika simu, netiweki inasoma fulu lakini ukipiga haitoki. Haichukui muda unasikia "serikali imezima mtandao". Sasa tusidanganyane, serikali kuzima mtandao ipo, hasa uchaguzi ukikaribia au maandamano yakipamba moto, ila siku ya maafa mara nyingi sio hiyo. Chukua London, 7 Julai 2005, mabomu yalipolipuka kwenye treni na basi. Wengi waliamini simu zimezimwa mji mzima, kumbe polisi wa City of London (eneo dogo la katikati ya jiji, wana polisi wao) waliomba mtandao mmoja tu, O2, uwafungie watu wa kawaida kwenye eneo la kama kilomita moja kuzunguka stesheni ya Aldgate, kwa saa kadhaa. Kwingine kote zilizidiwa zenyewe tu.

Zinazidiwaje? Mnara haujengwi kwa hesabu kwamba wote walio karibu nao watapiga kwa mpigo, na shida inaanza kabla hata hujasema "haloo", maana simu lazima kwanza iombe nafasi. Fikiria karani mmoja dirishani na umati mbele yake, kila mtu anapaza sauti ahudumiwe. Wakiita watatu kwa pamoja hamsikii hata mmoja, basi wanarudia, na kule kurudia ndiko kunazidisha kelele. Karani akibandika tangazo kwamba wenye tiketi zinazoishia na 3 na 7 wakae kimya kwanza, wengine wanaanza kusikika.

Hivyo ndivyo inavyofanyika kweli. Laini yako ina daraja kati ya 0 na 9, kwa kawaida linafuata tarakimu ya mwisho ya namba ya ndani ya laini (sio ile unayowapa watu). Mnara ukitangaza madaraja yaliyofungiwa, simu yako yenyewe inatii na kunyamaza, wala haikuambii! Madaraja 11 hadi 15 ni ya wachache, 12 vyombo vya usalama, 14 huduma za dharura, hao wanapita.

Mpango mzuri kwenye karatasi. Kule London kikao kikuu cha uratibu kilikuwa kimeshaamua usitumike, kwa kuhofia taharuki na kwa kuwa hakukuwa na uhakika kama wahusika wana hizo laini za madaraja ya juu, halafu polisi wa City wakautumia hivyo hivyo.

Japani, tetemeko kubwa la Machi 2011, kampuni ya simu ya DoCoMo ilibana simu za sauti hadi asilimia 90 ila data asilimia 30 tu. Meseji ni ndogo na inaweza kusubiri foleni, maongezi yanashikilia nafasi mpaka ukate. Kwa hiyo andika, usipige, na usirudie rudie.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo mawasiliano yanakutana na barabara. Betri za mnara ni za saa chache, baada ya hapo ni jenereta, na jenereta inataka dizeli. Baada ya kimbunga Katrina kule Marekani, 2005, mafundi na mafuta vilikwamishwa njiani kwa sababu watu wa simu hawakuwa na vibali vya kuingia eneo la maafa. Minara mingine ilizimika kwa kukosa dizeli tu.