Maktaba si ya watahiniwa peke yao

Kisumu ukitaja maktaba ya umma, wengi huwaza watahiniwa wa KCSE tu. Ni kweli wanajaza viti, hasa mtihani ukikaribia. Lakini wengi huja na vitabu vyao wenyewe. Wanachotafuta ni meza na utulivu. Rafu zina mambo mengine kabisa.

Mpangilio wa vitabu unaotumiwa sana maktabani duniani ni wa Dewey, mkutubi Mmarekani, wa mwaka 1876, unaokipa kila kitabu cha maarifa namba ya somo lake. Mvuvi wa Dunga anayefikiria kuchimba bwawa la ngege aulize 639.3, ufugaji wa samaki. Kuku wako 636.5, mapishi 641.5.

Upande wa watoto nao si hadithi tupu. Namba ni zilezile, vitabu ndivyo vyembamba: ndege 598, nyota 523. Tena ngano za sungura na fisi huwekwa 398.2, ndani ya sayansi ya jamii! Mzazi anayemkataza mtoto ngano ili asome "vitabu vya maana" anamwondoa kwenye rafu ya maarifa yenyewe. Hata mtu mzima anayeanza somo geni ningemtuma huko kwanza: michoro mikubwa, maneno machache, na hakuna anayekuuliza umri.