"Dokta, mpigeni kile kipimo kikubwa"

Saa nane usiku, mlangoni mwa chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kijana wa bodaboda kalala kwenye machela, sikio la kulia lina damu iliyokwisha kuganda. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Kaka yake amesimama pembeni, viatu vya mdogo wake kavishika mkononi, ananiambia: "Dokta, hii ya kawaida tuachane nayo. Mpigeni kile kipimo kikubwa. Hela tutachanga, hata ng'ombe atauzwa."

Kipimo kikubwa ni MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku. Hapa Mwanza nimelisikia jina hilo mara nyingi kiasi kwamba nami nyumbani linanitoka. Watu wamezipanga picha za hospitali kama ngazi: eksirei iko chini, ultrasaundi inafuata, kisha CT, halafu MRI kileleni. Daktari anayekupandisha kileleni anakujali, anayekuachia CT anakubania. Mimi ni daktari wa radiolojia, nashinda kwenye chumba chenye giza nikisoma picha hizo, na ngazi hiyo siijui. Ninachokijua ni kwamba kila mashine ina maswali inayoyajibu vizuri na mengine inayoyaboronga.

Nilimjibu yule kaka: "MRI itamweka kwenye tobo nusu saa nzima, naye hatulii, na hatujui ana chuma gani mwilini. Hii itaisha kabla hujamaliza kufunga kamba za hivyo viatu."

Sikuwa nimetia chumvi sana. Kumlaza na kumweka sawa ndiko kunakochukua dakika. Mzunguko wenyewe ni sekunde. Kwenye skrini ikatokea damu nyeupe upande wa panja, umbo lake kama mbegu ya boga iliyobandikwa kwa ndani ya fuvu. Hiyo ni damu iliyo kati ya mfupa na utando mgumu wa ubongo, na mara nyingi chanzo chake ni mfupa wa panja uliopasuka ukachana mshipa unaopita chini yake. Damu ikikaa chini ya utando huo, umbo lake hubadilika, hutandaa kama mwezi mchanga.

Nikamuuliza yule kaka, mdogo wake alikuwaje njiani. Akasema alikuwa anaongea vizuri tu, hata aliomba soda, ndipo akaanza kusinzia. Kisa hiki tunakifahamu kwa huzuni. Mtu anagonga kichwa, anazinduka, anapiga stori, watu wanasema Mungu mkubwa, wanamwacha apumzike. Kumbe damu inajaa polepole na ubongo unasukumwa. Alfajiri ile kijana alikuwa tayari meza ya upasuaji. Tungesubiri kipimo kikubwa, pengine tungemfikisha huko hana tena muda.

Kwa nini damu inang'aa kwenye CT? Kwa sababu CT ni eksirei inayomzunguka mgonjwa huku kompyuta ikipiga hesabu ya kiasi gani cha mionzi kimezuiwa na kila kipande cha mwili. Hesabu hiyo ina mizani yake. Maji ni 0, hewa ni -1000, ubongo uko kwenye 25 hadi 40 hivi, damu mbichi iliyoganda 60 hadi 80, mfupa unapanda mamia na kuendelea. Mizani inaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni ambayo wengi waliifahamu kwa kuuza santuri. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine yake tarehe 1 Oktoba 1971, kwenye hospitali ya Atkinson Morley jijini London. Mwaka 1979 alipewa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanza kuzikokotoa hesabu hizo akiwa Cape Town. Huwa napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu hilo la Cape Town.

MRI haitumii mionzi kabisa. Ni sumaku. Yenye nguvu ya tesla 1.5 ina nguvu mara elfu 30 hivi kuliko usumaku wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Mwili umejaa maji, maji yana haidrojeni, na ndani ya sumaku hiyo viini vya haidrojeni hujipanga. Mashine inavipiga mawimbi ya redio, vinayumba, vikirudi vinatoa mawimbi yao, na hayo ndiyo yanayogeuzwa picha. Ndiyo maana MRI inatofautisha nyama laini na nyama laini kwa namna ambayo CT haiwezi. Uvimbe mdogo karibu na tezi iliyo chini ya ubongo, kovu dogo linalosababisha kifafa, madoa ya magonjwa yanayokula utando wa neva: huko twende MRI bila kubishana.

Kiharusi ndicho kinachochanganya watu, hata madaktari wenzangu.

Mtu mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Kuna mambo mawili: mshipa umeziba, au mshipa umepasuka. Kwa nje vinafanana, ila matibabu yake yanagombana. Aliyezibwa na donge, akiwahi ndani ya saa nne na nusu, anaweza kufaa kupewa dawa ya kuliyeyusha. Dawa hiyohiyo ukimpa anayevuja damu, umemuua. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu, je, kuna damu? Na hilo CT inalijibu kwa dakika chache.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Mshipa ukiziba, CT ya saa za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Ndugu wanaambiwa "hakuna damu", wao wanasikia "hakuna kiharusi", wanafurahi, wanaomba ruhusa. Ubongo ulionyimwa damu unahitaji saa kadhaa ndipo CT ianze kuuona umebadilika. MRI ina picha moja inayofuatilia maji yanavyotembea kati ya seli, na hiyo inaweza kuonyesha eneo lililozibwa ndani ya dakika, jeupe kama taa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, kabla hata ya jina, ni: ilianza saa ngapi? Kama aliamka akiwa hivyo, basi mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Na kwa wagonjwa wetu jibu mara nyingi linauma. Katoka kisiwani Ukerewe, kivuko cha jioni kilikuwa kimeshaondoka. Au kapitishwa kwanza kwenye maombi, au kwa mtaalamu wa miti shamba. Anayefika siku ya tatu CT inamtosha, doa limeshakuwa jeusi, hata mwanafunzi analiona. Kumlipisha MRI ili imwambie kitu kilekile ni kumchoma hela bure.

Nimwage na langu. Miaka kadhaa nyuma alikuja mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Fomu ya kuomba kipimo ilikuwa na neno moja: kizunguzungu. CT ikapigwa, nikaisoma, nikaandika kwamba hakuna tatizo lililoonekana. Akarudi nyumbani na dawa za sikio, maana kizunguzungu kilidhaniwa kimetoka huko. Siku mbili baadaye akarudishwa anatapika, na safari hii kuna mtu alimwangalia akitembea: alikuwa anaegemea ukuta, mguu unamkataa, kama mtu aliye kwenye boti siku ya upepo. MRI ikaonyesha kiharusi kwenye ubongo mdogo, ule wa nyuma kisogoni.

Kisogoni CT ni dhaifu. Mifupa ya pale ni mizito, mionzi inapopita inaacha michirizi ya giza, na doa changa linajificha humo. Hilo nalifundisha, nalijua kama njia ya kwangu. Picha ile nimeirudia mara nyingi, na hata leo silioni doa. Kosa langu lilikuwa kwenye sentensi. Niliandika kana kwamba nimeona kila kitu. Alipona, na salamu zake hunifikia, lakini tangu siku hiyo kizunguzungu cha ghafla chenye kuyumba kikija, ripoti yangu ina mstari wa ziada: CT hii haiondoi kiharusi cha nyuma, mkimwona anayumba mpelekeni MRI. Na fomu ikija na neno moja nainua simu, nampigia aliyeiandika. Wengine huchukia.

Sasa mlango wa MRI. Sumaku haizimwi. Umeme ukikatika picha inakatika, lakini sumaku inabaki palepale, kwa sababu koili zake zimezamishwa kwenye heliamu ya nyuzi 269 chini ya sifuri na mkondo unazunguka humo wenyewe. Kwa hiyo tunakagua kama uwanja wa ndege. Simu, funguo, sarafu, pini za nywele, wigi lenye vibanio, sidiria yenye waya. Hirizi nazo, maana nyingine zina kipande cha bati ndani. Tunaomba kwa heshima, mwenyewe anaivua, anaikabidhi kwa ndugu, hatumuulizi kitu. Mwenye betri ya moyo, au aliyewahi kufungwa klipu kwenye mshipa wa ubongo, lazima tujue aina yake kwanza, na wengine hawaingii kabisa.

Mwingine ninayemwogopea ni fundi wa mageti. Fundi wa Mabatini amekata na kusaga chuma miaka 15 bila miwani. Kipande kidogo kama chembe ya chumvi kinaweza kuwa kimekaa kwenye jicho bila kumsumbua. Akiingia kwenye sumaku, kinasogea, na jicho linaweza kupotea. Huyo tunampiga kwanza eksirei ya macho.

Kuhusu mionzi ya CT, watu wanaogopa wasichopaswa na hawaogopi wanachopaswa. CT moja ya kichwa ni milisiveti 2 hivi (hicho ndicho kipimo cha mionzi), wakati binadamu wa kawaida anapata wastani wa 2 hadi 3 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga. Kwa aliyegonga kichwa barabarani, usiifikirie hata kidogo. Kwa mtoto ambaye kichwa kinamuuma tu, anacheza na anakula, hapo fikiria sana, na pengine hahitaji picha yoyote.

Kuna mgonjwa mmoja wa ziwani ambaye ndugu zake huniomba picha ya kichwa, na kichwa chake hakina kosa. Ni kijana, mvuvi, miguu imelegea ndani ya siku chache, mkojo umefunga. Kwao wanasema kapooza, na kupooza wanakujua kunatoka kichwani. Lakini miguu yote miwili na mkojo, ilhali uso na mikono havina shida, mimi nawaza uti wa mgongo. Na kwa anayeshinda majini Ziwa Victoria nawaza kichocho, maana mayai yake yanaweza kufika huko na kuuvimbisha uti. Huyu CT ya kichwa ni hasara tupu. Ni MRI ya mgongo, na haraka.

Wiki iliyopita aliletwa babu kutoka Misungwi, kaanguka bafuni. CT ikaonyesha kidoa kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Damu mbichi au chokaa ya zamani iliyojijenga ubongoni? Kwa ukubwa ule hesabu za mizani zinadanganya. Mjukuu wake akaanza: "Dokta, si mumpige tu kile kikubwa?" Nikamwinamia babu, shikamoo, umewahi kupigwa picha ya kichwa? Marahaba, akasema, mwaka ule alipogongwa na baiskeli, na picha iko chini ya godoro.

Mjukuu akapanda basi kuifuata. Saa kumi jioni akarudi na bahasha ya kahawia imekunjika kona zote. Nikaiweka filamu kwenye boksi la taa. Kidoa kilikuwa palepale, punje ileile ya mtama, ya miaka sita nyuma.

Babu akaruhusiwa kesho yake asubuhi. Mjukuu akauliza kama ile filamu ya zamani sasa aitupe. Nikamwambia airudishe chini ya godoro, na hii mpya aiweke juu yake.