Hakuna seli moja inayomjua bibi yako

Bibi yako anatokea kwenye kona ya njia. Bado yuko mbali, sura haijaonekana sawasawa, lakini umeshamjua kwa mwendo wake na namna alivyojifunga khanga. Kitu gani kimetokea kichwani mwako? Wengi, hata waliosoma baiolojia, hujibu kwamba ndani ya ubongo kuna seli iliyotengewa bibi: ikishtuka hiyo, basi bibi kafika.

Wataalamu wenyewe huiita "seli ya bibi". Jina lilitokana na kisa cha kubuni ambacho Jerome Lettvin, mwalimu wa chuo cha MIT kule Marekani, aliwasimulia wanafunzi wake mwaka 1969. Mwaka 2005 dhana ikapata nguvu mpya. Rodrigo Quian Quiroga na wenzake walikuwa wakipima seli za wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi, yaani vijiwaya vya kusikiliza umeme wa seli, kwa ajili ya matibabu, wakakuta seli iliyoitikia picha mbalimbali za mwigizaji Jennifer Aniston. Magazeti yakashangilia.

Lakini hebu tupige hesabu. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Watafiti wanasikiliza seli chache, kwa muda mfupi, wakionyesha picha kadhaa tu. Kama ingekuwepo seli moja pekee ya Aniston, kuiangukia ingekuwa kama kutupa ndoano baharini na kumpata samaki mmoja uliyemtaja kwa jina. Kwa kuwa walimpata, lazima samaki wa aina hiyo ni wengi. Tena seli ileile ilikuja kumwitikia na Lisa Kudrow, aliyeigiza naye. Seli moja hushiriki mambo kadhaa, na jambo moja hubebwa na seli nyingi.

Dhana nyingine: seli husema kwa umeme, basi jambo kubwa huleta umeme mkubwa. Hapana. Mwaka 1926 huko Cambridge, Uingereza, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walichukua msuli mdogo wa chura, wakaupunguza mpaka wakawa wanasikiliza neva moja, kisha wakautundikia uzito. Uzito ulipoongezwa, mipigo ya umeme haikukua. Ilikuja kwa haraka zaidi, basi. Kila mpigo ni uleule: ndani ya seli, umeme unatoka kwenye milivolti 70 hivi chini ya sifuri, unaruka juu ya sifuri, unarudi, yote kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na si umeme wa kwenye waya. Ni chumvi inayopita kwenye vijitundu vya utando wa seli, sodiamu ikiingia, potasiamu ikitoka. Ndiyo maana hata neva zetu za kasi huishia kwenye mita 120 hivi kwa sekunde.

Dhana: seli moja hutoa amri, mkono unatii. Hapa ndipo penye utamu. Miaka ya 1980, katika chuo cha Johns Hopkins, Marekani, Apostolos Georgopoulos alisikiliza seli za ubongo wa kima wakati kima anapeleka mkono pande mbalimbali. Kila seli ilikuwa na upande inaoupenda, ambako ilipiga kwa kasi kuliko kwingine, lakini haikunyamaza kwa pande za jirani, ilipunguza tu. Kwa hiyo ukisikiliza seli moja hujui kitu. Ikipiga nusu ya kasi yake, mkono umekwenda kulia kwa upande inaoupenda, au kushoto kwake? Haisemi. Alipozijumlisha seli zaidi ya 200, kila moja akiihesabu kama mshale wenye urefu kwa kadiri ya mipigo yake, jumla ya mishale ilionyesha pale pale mkono ulipokuwa ukielekea.

Aliyewahi kuvuta ngalawa kuipandisha pwani ataelewa mara moja. Kamba ni nyingi, kila mtu anavuta kwa pembe yake, na chombo hakimfuati yeyote kati yao. Kinafuata jumla yao. Mmoja akiteleza, ngalawa haigeuki. Ubongo nao hupoteza seli, na seli hukosea, lakini mkono unafika kwenye kikombe.

Haya hayakubaki maabara. Mwaka 2012 Marekani ilitangazwa habari ya mwanamke aliyepooza karibu miaka 15 kwa kiharusi. Kipande chenye elektrodi 96, kidogo kama kidonge, kiliwekwa kwenye ubongo wake, kompyuta ikajumlisha mipigo ya kundi dogo la seli, na mkono wa roboti ukamletea chupa ya kahawa mdomoni. Akanywa mwenyewe.

Dhana: seli nyingi zikipiga pamoja, akili ndiyo nyingi. Hii inaniuma zaidi, kwa sababu ni kinyume kabisa, na inatuhusu. Habari imo katika tofauti: nani anapiga, nani kanyamaza, nani katangulia. Seli zikianza kupiga kwa pamoja kupita kiasi, tofauti inafutika, na habari nayo. Kifafa ndicho hicho. Kwetu bado kuna wanaosema ni mapepo, au kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, mpaka mtoto anaachwa aungue jikoni watu wakitazama. Povu lile ni mate tu, halimwambukizi mtu. Mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, utazame saa. Zikipita dakika 5, hospitali. Mara nyingi huwa hazifiki. Seli zinarudi kupishana, na mtu anarudi nazo: anafungua macho, anatazama watu waliomzunguka, anauliza yuko wapi.