Je, wajua kwa nini mchwa hupanda ukutani ndani ya vijia vya udongo?

Katika maeneo ya Mwanza kama Isamilo, Igogo na Mabatini, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya vilima vya mawe, si ajabu kuona mstari wa udongo, wenye upana wa penseli, ukipanda kutoka sakafuni hadi kwenye fremu ya mlango au hata kwenye kenchi.

Mchwa ana ngozi laini isiyoweza kuzuia maji yasitoke mwilini, hivyo hewa kavu humuua upesi. Ndiyo maana watenda kazi, ambao kwa kawaida ni vipofu, huchanganya chembe za udongo na mate na kinyesi chao, wakajenga kijia kilichofunikwa ambacho huhifadhi unyevu na kuwakinga dhidi ya sisimizi, maadui wao wakubwa. Ukikitoboa kwa ncha ya kisu, askari wenye vichwa vikubwa hutokeza kulinda tundu, kisha watenda kazi huja kuliziba kwa tope bichi.

Kwa hiyo kufagia vijia hakutoshi, kwa kuwa malkia yumo ardhini na anaweza kutaga mayai kwa miaka zaidi ya 10. Kinga ya kweli huanza kabla ya kumwaga zege la sakafu: fundi aondoe mizizi na vipande vya mbao vilivyofukiwa, ashindilie kifusi, kisha anyunyizie dawa ya mchwa kwenye udongo wote wa msingi, hasa mabomba yanapopita.

Kwenye miteremko yetu hatari kubwa zaidi iko nyuma ya nyumba. Mlima ukichongwa na udongo ukaachwa umeegemea ukuta, mchwa hupita humo bila kuonekana, na mwenye nyumba hugundua fremu ikiwa imebaki rangi tu. Ni muhimu mno kuacha nafasi kati ya udongo na ukuta, kuchimba mfereji wa kutoa maji ya mvua, na kuukagua msingi mara kwa mara, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Kiini cha mninga au mvule huwashinda mchwa kwa muda mrefu. Paina isiyotiwa dawa huliwa haraka. Wanaomwaga oili chafu kuzunguka msingi nawasihi waache, kwani mvua huikokota hadi ziwani. Nyumba iliyokwisha kujengwa hutibiwa kwa kutoboa sakafu kandokando ya kuta na kuingiza dawa ardhini, kazi inayomhitaji mtaalamu.